Picha ya Babu Msiitoe

Assalaamu alaykum Bi Mkubwa,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nakaa Kikwajuni hapa Unguja. Nakuandikia kuhusu dumbak, ile ngoma ya mkono ya taarab, la babu yangu mzaa baba, aliyefariki miezi saba iliyopita, Allah amrehemu.

Babu alianza na kidumbak, ile taarab ndogo ya harusini, kwenye harusi za Ng'ambo alipokuwa kijana. Baadaye akaingia klabu moja ya taarab hapa mjini, akapiga dumbak karibu miaka arubaini. Watu wazima mpaka leo wakimkumbuka husema "yule wa dumbak", na wote wanajua nani anayesemwa. Ameacha dumbak moja la udongo, rika moja (tari ndogo ya visahani) iliyopungua visahani viwili, na picha moja kubwa ya zamani isiyo ya rangi. Humo yuko jukwaani na wenzake, amelipakata dumbak lake. Dumbak lina ufa ubavuni. Babu aliuziba mwenyewe zamani, na kiraka chake kinaonekana.

Mwezi uliopita alikuja mfanyabiashara mwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe. Aliligeuza geuza dumbak, akatoa laki nne. Halafu akauliza kama tuna picha ya babu akiwa nalo. Tulipomwonesha alinyamaza kidogo, akasema ataichukua na picha pia, kwa bei ile ile.

Hapo ndipo nyumba ilipogawika. Ami yangu mkubwa anataka tuuze upesi, tulipe deni la babu la dukani na zitakazobaki tumsomee khitima. Mdogo wangu ameona kwenye simu kwamba ngoma za Ringo Starr, mpigaji wa kundi la Kiingereza la Beatles, ziliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola milioni mbili, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya laki nne. Anasema babu naye alikuwa maarufu, kwa hiyo tutafute mnada wa nje. Ami yangu mdogo anasema ala za muziki hazirithiwi, pesa yake haina heri, bora livunjwe. Shangazi hulia kila likitajwa, na bibi amenyamaza. Kuna na fundi mmoja, rafiki wa mdogo wangu, ameahidi kuuondoa ule ufa, kupaka rangi na kuwamba ngozi mpya ili lipate bei.

Baba yangu alitangulia kabla ya babu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpashia babu ngozi ya dumbak moto jikoni ili ikaze, kabla ya kwenda kazini kwake, na mara nyingi aliniambia, "Hili lako wewe." Lakini hakuandika kitu. Bi Mkubwa, dumbak hili lina thamani gani? Na tufanye nini kabla hatujagombana?

Mjukuu, Kikwajuni

*

Wa alaykumu ssalaam mwanangu. Allah ampe babu yako kauli thabiti na nyinyi akupeni subira.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limesimama pahala pamoja: pale mwenye duka alipoiona picha akanyamaza. Kabla hujaendelea kunisoma, inuka, itoe picha hiyo ilipo, uiweke pahala ambapo mgeni hataishika. Yule bwana anaijua kazi yake. Dumbak la udongo lenye ufa, likiwa peke yake, ni kitu cha zamani kama vitu vingi vya zamani vilivyojaa madukani Mji Mkongwe. Dumbak hilo hilo likiwa na picha ya mwenyewe amelipakata jukwaani ni kitu chengine kabisa. Laki nne alikuwa anakupeni kwa dumbak. Picha aliitaka bure, na picha ndiyo itakayomuuzia.

Sasa nianze na mdogo wako, maana hakusema uongo. Mwezi wa Disemba 2015, kwenye mnada wa Julien's huko California, seti ya ngoma za Ludwig aliyoipiga Ringo Starr mwaka 1963 na 1964 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Kwa shilingi zetu hizo zinapita bilioni 5. Mwezi mmoja kabla yake nyumba ile ile ya mnada iliuza ngozi ya mbele ya ngoma kubwa ya Ringo, ngozi peke yake bila ya mzinga, nayo ikapita dola milioni 2. Vyote viwili vilinunuliwa na mtu mmoja, Jim Irsay, tajiri aliyekuwa akimiliki timu ya mpira wa Kimarekani.

Tuitazame hiyo ngozi, kwa sababu ndani yake mna jawabu la barua yako. Imeandikwa jina la Beatles kwa rangi nyeusi, pamoja na jina la kiwanda, Ludwig. Maandishi ya namna ile yalibuniwa mwaka 1963 katika duka la ngoma la Ivor Arbiter mjini London, na inasimuliwa kwamba malipo ya kazi ile yalikuwa pauni 5. Kilichoipandisha bei ni usiku wa tarehe 9 Februari 1964, ngozi ile ilipokuwa mbele ya Ringo katika kipindi cha Ed Sullivan cha televisheni ya Marekani, na watu kiasi cha milioni 73 wakaitazama majumbani mwao. Filamu ya usiku ule ipo na picha zipo. Mtu akija leo na ngozi nyengine akadai ndiyo ile, herufi zake zitawekwa kando ya herufi za kwenye picha, mkunjo kwa mkunjo, na uongo utajulikana.

Wapigaji wengine nao ni hivyo hivyo. Ngoma za Premier za Keith Moon wa kundi la The Who ziliuzwa kwa pauni 120,000 kwenye mnada wa Christie's, London, mwaka 2004. Neil Peart wa kundi la Rush, Mkanada, alifariki Januari 2020, na Disemba ya mwaka huo huo ngoma zake za Slingerland za rangi ya fedha zikapita dola 500,000 kwenye mnada wa Bonhams. Zile za Peart zilikuwa zimeshatoka mkononi mwake miaka mingi nyuma, alizitoa zawadi ya shindano kwa msomaji wa gazeti la wapiga ngoma. Lakini zilinunuliwa lini, zilipigwa miaka gani, nani alizishinda na nani alizitengeneza upya, yote hayo yanajulikana.

Na ngoma za Ludwig za miaka ile ile, kiwanda kile kile, rangi ile ile, ambazo mpigaji wake hajulikani, huuzwa kwa maelfu tu ya dola. Maelfu na mamilioni, mwanangu, na mbao ni zile zile!

Kwa hiyo mdogo wako ameiona bei, lakini hajamwona mnunuzi. Mnada unaamuliwa na watu wawili, aliyeshinda na yule aliyeshindana naye mpaka mwisho. Watoto waliomtazama Ringo mwaka 1964 wamekua, wapo waliotajirika, na kwao ile ngozi ni utoto wao. Babu yako alikuwa maarufu, hilo usiruhusu mtu alipinge mbele yako. Ila waliomsikia walikuwa watu wa Ng'ambo na wa Mji Mkongwe, waliokaa ukumbini wakinyanyuka kwenda kutunza pesa. Hao wakiliona dumbak lake watalia kama shangazi yako. Hawana mamilioni ya dola ya kushindania. Nyumba ya mnada ya nje nayo inakata ada yake kwa muuzaji, kuna usafirishaji na bima, na chombo cha udongo chenye ufa kikipakiwa ndege kinaweza kufika vigae. Tena kitu cha kale hakitoki nchini hivi hivi. Kwanza ni kwenda kuuliza kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale. Mwambieni kijana aiache hiyo ndoto, lakini mwambieni kwa upole, maana katika nyumba yenu ni yeye peke yake aliyeona kwamba laki nne ni kidogo.

Fundi asiliguse dumbak. Nakuomba sana katika hili. Ule ufa aliouziba babu kwa mkono wake ndio utakaolitambulisha dumbak lake kati ya madumbak yote ya Unguja. Chukua kioo cha kukuzia, utazame kama kiraka kinaonekana kwenye picha. Kikionekana, mna kitu ambacho hata hizo nyumba kubwa za mnada hukitafuta: alama moja, kwenye chombo na kwenye picha. Mkipaka rangi mmeifuta. Na ngozi msibadilishe hata kama imelegea. Ngozi aliyoipiga yeye ina alama ya vidole vyake pale pembeni inapong'aa.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Hapa kwetu tumewaweka waimbaji na tumewapoteza wapigaji. Siti binti Saad sote tunamjua, na sahani za santuri alizorekodi Bombay kuanzia mwaka 1928 bado zipo. Wapigaji waliokaa nyuma yake, vijana wa leo ni wangapi watakaowataja? Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mwimbaji na mpigaji kwa pamoja, na dunia nzima ilimpiga picha amejifunga msondo kiunoni kwa nguo, ngoma imesimama mbele yake. Picha zile zimemhifadhi mpigaji. Lakini wengi, kama babu yako, hutajwa kwa ala yao, "yule wa dumbak", na wakiondoka wazee wanaowajua, jina nalo linaondoka. Mimi nimekulia Ng'ambo, nimelala utotoni nikisikia kidumbak cha harusi ya mtaa wa pili mpaka alfajiri, na sijui jina hata moja la waliokuwa wakikipiga. Ndiyo maana barua yako nimeipa nafasi yote hii.

Kwa hivyo kazi yako ya kwanza, kabla ya kikao cha kuuza au kutouza, ni kukusanya ushahidi. Nenda klabuni kwake. Klabu zetu ni za siku nyingi. Ikhwani Safaa ni ya 1905, Culture ni ya 1958, na klabu za umri huo huwa na picha ukutani na madaftari ya wanachama. Omba kuona jina la babu na mwaka alioingia, upige picha ukurasa huo. Nenda ZBC, shirika letu la utangazaji, Rahaleo, uulize kama klabu yake imo kwenye kanda za zamani za redio, na mwaka gani. Kisha wakae wazee wawili au watatu waliopiga naye, mmoja mmoja, simu iwe inarekodi, uwaoneshe dumbak uwaulize wanalijuaje. Usiwatangulizie jawabu. Waache waseme wenyewe habari ya ufa. Mzee akisema "ule ufa lilipata siku ile tunatoka Pemba", au popote lilipopatia, hiyo rekodi ni mali.

Ukishakuwa na hayo, picha ikapigwa nakala nzuri na ya asili ikarudi mahala pake, hapo ndipo mumwite mwenye duka, na mumwite na mwengine wa pili na wa tatu. Bei msiitaje nyinyi kwanza. Atakayetaka dumbak peke yake atoe bei ya dumbak, na atakayetaka na habari zake atoe bei ya habari zake, apewe nakala. Picha ya asili ibaki nyumbani kwa hali yoyote.

Lakini nani mwenye kuuza? Hapa utanisamehe, kwa sababu nitakwambia neno usilolipenda. Kwa hesabu ya mirathi wewe na mdogo wako hamumo. Baba yenu ametangulia na watoto wa kiume wa babu wapo hai, kwa hiyo wamekuzuieni. Warithi ni bibi yako na thumuni yake, kisha ami zako na shangazi yako, kila mwanamume fungu la wanawake wawili. Kabla ya hapo hutoka deni, kwa hiyo ami yako mkubwa hakukosea kulitaja lile deni la dukani. Ni la kwanza kabisa baada ya gharama za maziko. Khitima ni jambo jema, lakini si ya kutolewa kwenye fungu la mtu bila ya ridhaa yake.

Halafu lipo lile neno la babu, "Hili lako wewe." Kaa ukumbuke alilisema vipi hasa. Kama alikusudia kukupa akiwa hai, hiyo ni hiba, na hiba inataka makabidhiano: alikukabidhi ukalichukua, au lilibaki chini ya kitanda chake akaendelea kulipiga? Kama alisema "nikifa mimi, hili lako", huo ni wasia. Wewe kwa kuwa si mrithi unaweza kuusiwa, ilimradi usipite thuluthi ya alichoacha, na ilimradi kuna watu waliosikia. Bibi yako amenyamaza. Pengine alisikia, na hapana aliyemuuliza. Muulize mkiwa wawili tu, jikoni, na lolote atakalosema likubali, hata likiwa dhidi yako. Usije ukaapa juu ya neno ambalo huna uhakika nalo kwa sababu ya mapenzi. Mambo haya myapeleke kwa kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wao ndio wenye kuyapima.

Kwa ami yako mdogo mwende kwa adabu. Ana hofu ya Mungu na hofu hiyo haichezewi. Suala la ala wanazuoni wamelizungumza kwa urefu na mimi si mwanachuoni, muulizeni sheikh anayemwamini yeye, siyo mnayemwamini nyinyi. Wakati huo huo mumkumbushe jambo moja asiloweza kulikataa: katika kitu hicho bibi ana fungu lake na shangazi ana fungu lake, na mali ya mjane haivunjwi bila ya yeye kuridhia. Kama yeye fungu lake halitaki, anayo haki ya kuliacha kwa wenziwe, mikono yake ikabaki safi.

Iko njia nyengine ambayo hamjaitaja. Ngoma za Mwinyi Mkuu wa Dunga, zilizokwenda pamoja na siwa yake (lile baragumu kubwa), zilikuwa alama ya utawala wa kisiwa hiki, na hakuna aliyezipeleka sokoni, ziliwekwa makumbusho. Dumbak la babu yako si la kifalme, lakini linaweza kuwekwa amana kwenye makumbusho au Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambako tangu 2002 vijana wanafundishwa taarab, dumbak likiwemo. Amana siyo zawadi. Linabaki lenu, jina la babu linaandikwa kando yake, na mkilitaka mnalirudisha. Ila isiwe kwa mdomo. Iwe karatasi yenye sahihi, inayosema litawekwa chumba gani, nani ana ufunguo, na mtalirudishiwa vipi. Sote tuliona Beit al Ajaib lilivyoanguka upande tarehe 25 Disemba 2020, na lilikuwa ndilo jumba la makumbusho tuliloringia. Kuuliza paa likoje si utovu wa adabu.

Rai yangu mimi, kama ungekuwa mwanangu wa kumzaa: msiuze mwaka huu. Deni la dukani lipeni kwa mchango, maana kwa mnavyolisema halionekani kubwa. Shangazi bado analia na bibi ametoka eda si zamani. Ushahidi utakaoukusanya hautoshuka thamani kwa kungoja, lakini wale wazee wa klabuni hawatongoja, kwa hiyo anza nao wiki hii. Mkishakuwa na daftari na rekodi mkononi, mkaamua kuuza, mtakuwa mnauza dumbak la mtu anayejulikana.

Kwa sasa dumbak lifunge kwenye kanga kavu ya pamba, siyo mfuko wa plastiki, maana unyevu wa masika ukinaswa ndani ngozi itaota ukungu. Liwe mbali na ukuta na mbali na jua, na liwekeni juu, kwa sababu panya hula ngozi. Usilipashe moto tena, hata kwa kumbukumbu. Rika ikae kando yake, na vile visahani viwili vilivyopungua usivitie vipya.

Na picha ukiigeuza nyuma, andika kwa penseli laini, siyo kwa kalamu ya wino ambayo itavuja upande wa pili. Andika majina ya wote waliokaa, kuanzia kushoto, na chini ya kila jina ala aliyoshika. Utakwama kwa wawili watatu. Hao ndio wa kuanzia kuwauliza wazee.